Mlangoni mwa darasa la Kifaransa

Wanyange, Jumamosi baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Sauda,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini wewe hali yako naijua. Umekaa hapo nje kwa Mama Opio, kichwa kimebanwa kati ya magoti yake, unasukwa nywele na unalalamika kwamba anavuta. Nakusikia kutoka hapa mezani. Yangu pia unaijua. Asubuhi uliniwekea chai ukaniambia nina sura ya mtu aliyepoteza funguo. Basi tuache salamu. Mama Opio ana mkono mwepesi, na akishakumaliza utaingia humu kuniuliza naandika nini.

Kesho unahamia Mbale kwa habuba wako, mama yake marehemu mama yako, na Jumatatu unaingia darasani kufundisha Kifaransa. Mambo ya chandarua na ya kuchemsha maji siyaandiki. Nyumba hii umeiendesha wewe tangu ukiwa na miaka kumi, na mara ya mwisho mimi kukushauri jambo la jikoni tulikula ugali mbichi. Hata kwenye kazi yenyewe sina la kukuongezea. Chuo kimekupa Kifaransa ambacho mimi sikuwahi kukifikia. Wiki iliyopita ulikuwa unajizoeza mbele ya kioo, unawaambia watoto wasiokuwepo wasimame, waketi, waguse pua. Nilisimama nje ya mlango nikasikia fahari mpaka machozi yakanitoka, na uliponikuta ukadhani ni moshi.

Kuna jambo moja nimeshindwa kukuambia kwa mdomo. Ni kichekesho, mtu aliyekula mshahara wa mdomo wake miaka yote hii kushindwa na sentensi moja. Linahusu siku aliyokufa mama yako. Najua unavyoikumbuka siku ile. Unaikumbuka vibaya, na mimi ndiye niliyekufundisha kuikumbuka hivyo.

Nianze mbali kidogo, univumilie. Kifaransa changu unajua nilikiokota Bunia. Nilikuwa utingo wa lori, kijana wa Kinubi mwenye cheti cha darasa la saba tu. Lori likatuharibikia kule, mwenye lori akatutelekeza, nikabaki miaka minne nikiuza spea dukani kwa mama mmoja wa Kikongo. Ndiyo maana nilijua kutaja plagi na mkanda wa injini kwa Kifaransa kabla sijajua kumwambia mtu pole. Vitabu vya shule vya watoto wa yule mama ndivyo vilivyonifundisha kuandika. Niliporudi Jinja, shule moja ya binafsi hapa Wanyange ilikuwa inatafuta mwalimu wa Kifaransa kwa watoto wadogo, kwa sababu wazazi, hasa maofisa wa jeshi wa kule kambini Kimaka waliowaleta watoto wao kwa gari la shule, walipenda kusikia mtoto anasema kitu ambacho mtoto wa jirani hasemi. Mkurugenzi alinisikiliza dakika tano. Yeye mwenyewe hakujua hata neno moja, akanipa kazi.

Tangu siku hiyo niliogopa. Niliogopa kwamba ipo siku ataingia mtu anayekijua Kifaransa kweli, akisikie hiki changu cha dukani, aniumbue mbele ya watoto. Mtu mwenye hofu ya namna hiyo huwa mkali, Sauda. Wazazi walinisifu kuwa ni mwalimu mwenye msimamo. Nilikuwa mwoga mwenye fimbo.

Usidhani ilikuwa hofu tupu. Kulikuwa na kitabu chenye picha ya nyumba iliyofunikwa na theluji. Mtoto mmoja wa darasa la pili akauliza kile cheupe ni nini. Theluji mimi sikuwahi kuiona, na neno lenyewe nilikuwa nimelisoma jana yake. Nikasema ni unga. Mwezi mzima darasa zima liliamini kwamba Ufaransa unga wa muhogo unaanguka kutoka juu, mpaka mama mmoja akaja kulalamika kwamba mwanawe amekataa kwenda shambani, anasubiri apelekwe huko. Tulicheka wiki nzima nyumbani, mama yako ndiye aliyecheka zaidi. Lakini kusema "sijui" kungenipunguzia nini? Neno hilo dogo lilinikwama kooni miaka mingi, na wewe naomba ulizoee mapema. Mtoto mdogo hamdharau mwalimu asiyejua. Anamshika mkono wakatafute pamoja.

Sheria ya kipindi cha Kifaransa unaikumbuka, maana ulisoma palepale. Kengele ikishalia, neno la lugha nyingine haliingii darasani mpaka kengele ilie tena. Si Lusoga, si Kiswahili, hata Kiingereza hapana. Shule nyingi zilikuwa na kibao cha kumvika mtoto aliyesema lugha ya nyumbani, nami kwa kujipendekeza nikachonga cha kwangu, kipande cha mvule chenye kamba ya katani, nikaandika juu yake Silence, yaani kimya. Mkurugenzi alikipenda sana. Lugha aliyoichukia kuliko zote ilikuwa Kiswahili. Aliiita lugha ya kambi, ingawa nusu ya watoto wake walitoka kambini, na mimi niliyezaliwa ndani ya Kiswahili na Kinubi nikaitikia kwa kichwa.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya wageni. Mkurugenzi alikuwa ameniambia kwa kile Kiingereza chake cha polepole kwamba anataka hata panya wa darasa lile waseme Kifaransa. Wageni walikaa nyuma kwenye viti vya ofisini, watu watano. Mmoja alikuwa afande, kamanda aliyesoma nje, na nilikuwa nimenong'onezwa kwamba Kifaransa anakijua. Yule mtu niliyemwogopa miaka yote sasa alikuwa ameketi pale, kofia magotini.

Wewe hukuja shule wiki ile. Ulikuwa na matumbwitumbwi, na mama yako alikufunga mashavu kwa kitambaa chake cha njano. Yeye alikuwa na mimba ya miezi mitano. Asubuhi nilipokuwa natoka alisema mgongo unamuuma, nikamwambia apumzike, nikawasha pikipiki. Kichwani nilikuwa na wageni tu.

Damu ilianza kumtoka kabla ya saa nne. Mama Opio alisikia akiita, akaja. Simu yangu ilikuwa ofisini, imezimwa kama sheria ilivyotaka. Wakakutuma wewe, ukimbie ukaniite nije na pikipiki. Mama Opio akabaki amemshika mama yako, anategea sikio mlio wa pikipiki. Hakutoka kwenda barabarani kutafuta gari, kwa sababu alijua mimi niko njiani.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Kipindi kilianza saa nne kamili, na nilikuwa bado naandika tarehe ubaoni uliposimama mlangoni. Uligonga, mwanangu. Hata siku ile ulikumbuka kugonga. Ukasema "Bonjour Monsieur, puis-je entrer?" kama nilivyowafundisha kuomba ruhusa ya kuingia, na ulikuwa umelowa chapachapa, matope mpaka magotini, miguu mitupu. Halafu ukasema, "Baba, mama anakuita."

Darasa likaguna. Nikawatazama wageni, nikatabasamu, nikakwambia useme kwa Kifaransa, "En français, Sauda."

Ukasema, "Maman." Ukatafuta neno linalofuata, hukulipata. Ukarudia, "Maman."

Nami, kwa kutaka kuonyesha jinsi darasa langu lilivyo hodari, nikawageukia wenzako nikawauliza mama anafanya nini. Mikono thelathini ikapanda. Mmoja akasema "Maman fait la cuisine," mama anapika. Mwingine "Maman va au marché," mama anakwenda sokoni. Mwingine akasema mama anaimba. Walikurushia kila sentensi niliyowakaririsha, na kwa kila sentensi ulitikisa kichwa, na kila ulipotikisa kichwa walicheka. Katika sentensi zote nilizowapa muhula ule, hapakuwa na hata moja ya mama anayeumwa.

Yule afande akasema kutoka nyuma, "Mwalimu, sikia mtoto kwanza. Iko na neno huyu."

Alisema kwa Kiswahili, Kiswahili kilekile cha kambi, katikati ya kipindi. Katika chumba kile chote ni yeye peke yake aliyekuona. Nikamjibu "Après, mon commandant," yaani baadaye, na nakumbuka, aibu yangu mbele ya Mungu, nilijisikia nimeitamka vizuri. Nikakuvika kibao nikakukalisha benchi la mbele. Ukakaa, kwa sababu ulikuwa mtoto mtiifu na kwa sababu mimi nilikuwa baba yako. Zaidi ya nusu saa ulikaa pale na kibao kimelala juu ya kitambaa cha mama yako, machozi yanakutoka bila sauti, na mimi naongoza wimbo wa siku za wiki.

Kengele ilipolia ulisema yote kwa pumzi moja. Nilikupakia kwenye pikipiki na kibao bado kiko shingoni mwako. Mama Opio tulimkuta mlangoni. "Mwalimu, mi nilisikiliza pikipiki, nilisikiliza, bambi," akasema, na alirudia hivyohivyo mara nyingi. Tukasimamisha gari la kubeba samaki. Mama yako alikufa kabla hatujafika hospitali.

Mpaka hapo ni kosa la mtu mpumbavu, na labda ningeweza kuishi nalo. Lililofuata nililifanya na akili zangu zote.

Siku ya tatu ya matanga, ukumbi umejaa watu, habuba wako aliniuliza mbele ya wote, "Wewe mwenye pikipiki, ulikuwa wapi?" Ulikuwa umeketi ubavuni mwake na sahani ya tende. Nikafungua mdomo nikasema, "Mtoto alichelewa kufika. Watoto unawajua. Alicheza njiani."

Ulinitazama. Kisha ukaitazama sahani, ukaendelea kuwapitishia watu tende.

Ulikuwa na miaka saba, na baba yako ni mwalimu. Nani angebishana na mwalimu? Tangu siku ile habuba wako hakukupakata tena. Alipiga simu kila Idi akaniuliza habari za "yule mtoto." Mwezi uliopita alipokubali ukae kwake ulishangaa, ukasema labda amezeeka, halafu ukarudi kukunja nguo.

Kibao niliendelea kukitumia muhula mzima uliofuata. Nilijua kukitupa kungekuwa ni kukiri. Na kuna jambo jingine ambalo sijui kama bado unalo kichwani. Wiki chache baada ya matanga ulinifuata kibarazani ukaniuliza, "Baba, 'mama anaumwa, njoo haraka' inasemwaje kwa Kifaransa?" Nikakwambia. Ukawa unaikariri kila jioni, unatembea kutoka ukuta huu mpaka ule, Maman est malade, viens vite, Maman est malade, viens vite. Nami, Mungu anirehemu, nilikusahihisha matamshi.

Hapo ndipo Kifaransa chako kilipoanzia. Watu wanakusifu, walimu wako wa chuo walinipigia simu kunipongeza, na wewe mwenyewe umekwenda kwenye usaili ukawaambia ulikipenda tangu utotoni. Hukukipenda. Ulikuwa unalipa. Nimekuona unavyofika shuleni kabla ya mlinzi kufungua geti, unavyotoka nyumbani saa mbili nzima mapema kwa safari ya nusu saa, unavyotetemeka basi likisimama kupakia mizigo. Nilikaa kimya nikakuona.

Halafu ukafika miaka kumi na mitano. Nilikuwa uani natengeneza pikipiki, ukaja ukachuchumaa karibu yangu. "Baba," ukasema, "siku ile nilisimama kwa wale wanawake waliokuwa wanaanika mukene. Nilikuwa naangalia ndege wanavyoiba. Nadhani nilisimama sana. Naomba unisamehe."

Nilikuwa na spana mkononi. Ungeweza kuuona uso wangu kama ungeinua kichwa, lakini hukuinua. Nikasema, "Nilishakusamehe zamani, mwanangu. Ulikuwa mtoto." Ukalia ukanishukuru.

Sauda, hapakuwa na mukene ulioanikwa siku ile. Ilikuwa inanyesha. Hakuna mwanamke yeyote wa Wanyange aliyetoa dagaa wake nje, na ndege hawakuwepo. Ulijitengenezea ile kumbukumbu kipande kwa kipande ili maneno ya baba yako yawe ya kweli. Kisha nikakusamehe kosa langu mwenyewe, nikapokea na shukrani.

Sasa unakwenda kusimama mbele ya watoto wa miaka sita, watoto wa watu wanaofanya kazi za zamu katika viwanda vya Mbale. Watakuja na Lumasaba, na Kiswahili cha mtaani, na Kiteso, wengine na usingizi. Wafundishe nyimbo, wafundishe rangi na hesabu, wachekeshe. Hayo unayaweza kuliko mimi. Ninachokuomba ni kimoja. Mtoto akisimama mlangoni na neno, lipokee katika lugha aliyokuja nayo. Kama kuna mgeni nyuma ya darasa, mgeni angoje. Utafika muda wa kumpa lile neno kwa Kifaransa, na atalishika vizuri zaidi kwa sababu alisikilizwa. Na wafundishe mapema kusema naumwa, naogopa, njoo. Vitabu vinaanza na kupika na kwenda sokoni. Wewe anza na haya.

Na ukigundua siku moja kwamba Kifaransa hukitaki, kwamba ulikibeba kwa sababu ya deni ambalo hukuwa nalo, kiache. Uza nguo, soma uuguzi, olewa au usiolewe. Sitakuwa na neno.

Jumatano nilikuambia nakwenda mjini kutafuta tairi. Nilikwenda Mbale. Nilimkuta habuba wako uani, nyuma ya ile nyumba yake karibu na viwanda, anachagua mawe kwenye mchele. Sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kuanzia mlango wa darasa mpaka ile sahani ya tende. Hakuacha kuchagua mawe mpaka nilipomaliza. Akauliza jambo moja tu, "Mtoto alikuja mbio?"

Nikasema, "Alikuja mbio, mama. Kwenye mvua, bila viatu."

Akaweka ungo chini. "Na mimi miaka yote hii nilikuwa nampa mkono wa baridi," akasema. Alilia kwa muda mrefu, mimi sikujua pa kuweka mikono. Alipotulia aliniambia nitoke, na nisikanyage kwake tena akiwa hai. Nilipofika getini akaniita kwa jina, sio mwalimu. "Mwambie aje," akasema. "Chumba cha mama yake nimekifungua, ndicho atakacholala."

Kwa hiyo kesho nitakufikisha stendi tu. Inawezekana baada ya kusoma haya hata stendi hutataka nifike. Chukua boda, sitauliza. Msamaha wako sijauomba humu na siuombi, nisije nikakubebesha mzigo mwingine. Ule msamaha niliokupa mimi siku ya spana haukuwa wangu wa kutoa. Utupe.

Limebaki moja, na hili pia nimekuficha miaka yote. Mwezi mmoja baada ya mazishi, Mama Opio alinieleza jinsi walivyosubiri, akaniachia mimi nikufikishie. Sikukufikishia, maana lingeubomoa uongo wangu. Alisema mama yako hakuogopa. Kila Mama Opio alipohangaika, yeye ndiye aliyemtuliza. Alikuwa anasema, "Sauda ameshafika. Yule ana mbio." Halafu akasema tena, "Ameshafika sasa, anamwambia baba yake."

Na kweli ulikuwa umeshafika. Mama yako alilijua hilo mpaka mwisho.

Baba yako